Anaitwa Mzururaji kwa Sababu Asumini Huchanua Jioni

Jua limekwisha kuvuka utosi na kivuli cha nyumba kinaanza kuugusa ukingo wa kiwanja. Bi Mwanamvua binti Mikidadi anatoka mlangoni, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mkononi ungo mpana wa kupepetea. Hachumii kwenye kikapu. Ukimwuliza sababu, anakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini wali haupikwi kwenye chujio.

"Kikapu kinaenda chini sana, mwanangu," anasema. "Vitumba vikilaliana vinapanda joto. Tia mkono katikati uone, utadhani umemgusa mtoto mwenye homa."

Anauinamia mwasumini wa kwanza. Vidole vinaviruka vitumba vya kijani, vinayaruka maua yaliyokwisha kufunguka, vinachagua vile tu vilivyokuwa vyeupe na kuvimba lakini bado vimefumba. Anavikata kimoja kimoja kwa ukucha na kuvitandaza kwenye ungo bila kuviacha vipandane.

Mwandishi anaomba kimoja, anakinusa. Hakuna kitu. Kinanuka jani bichi tu.

"Usikipe kazi kabla ya saa yake," Bi Mwanamvua anacheka. "Subiri magharibi."

Na hapo kwenye kusubiri ndipo balaa la mama huyu lilipoanzia. Ofisi ya kata yake haisubiri magharibi. Ofisi hukagua watu asubuhi, saa mbili, na asubuhi saa mbili asumini haina cha kumwonyesha mtu. Kwa kosa hilo, ambalo ni la ua wala si lake, mwanamke aliyefanya kazi tangu hajavunja ungo ametangazwa hadharani kuwa ni mzururaji, na ameamriwa aing'oe miasumini yake yote ifikapo Jumatatu ijayo.

Kitongoji cha Kwa Msabaha kiko kando ya barabara itokayo Zinga kuingia Bagamoyo. Nyumba ni chache, nyingi za makuti. Ya Bi Mwanamvua ina bati, na bati hilo limetokana na maua. Anauza kikuba kimoja, kishada cha maua cha kubandika kifuani, shilingi moja, cha bibi arusi zaidi kidogo, na kwa fedha hizo hizo alimsomesha mwanawe wa pekee, Kibwana, ambaye leo ni fundi wa mitambo Tanga. Mume alikwenda zake zamani na hakuacha hata jembe.

"Mama yangu, Mwanamkasi, alinifundisha kuchuma kabla hajanifundisha kupika," anaeleza huku mikono ikiendelea. "Nikichuma kitumba cha kijani alikuwa akinipiga vidole. Akiniambia, huyo bado mtoto, utamuua kabla hajasema neno. Na lililofunguka nalo akinikataza. Hilo limekwisha kusema lake, acha lipumzike."

Akimaliza kuchuma huketi ukumbini na uzi. Vitumba hutungwa pamoja na mrehani na vipande vya mkadi, ua jingine la kunukia, hufungwa ndani ya jani la mgomba lililolowekwa maji, kisha hupelekwa mjini kabla jua halijazama. Nyumba za zamani za Bagamoyo zina sharti lao: kikuba cha bibi arusi lazima kifike kimefumba. Kikifika kimefunguka, somo wa bibi arusi, kungwi wake, hukirudisha mlangoni, kwa kuwa harufu yake imekwisha kupewa watu wa njiani. Inatakiwa ua lifunguke likiwa kifuani kwa mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya Bi Mwanamvua inaanza wakati wengine wanarudisha majembe. Inaisha baada ya isha, na siku ya arusi huchelewa zaidi, kwa kuwa ni yeye anayetandaza asumini kitandani. Asubuhi yake hupumzika, kama mlinzi wa ghala anavyopumzika. Tofauti ni kwamba mlinzi wa ghala hakuna anayemwita mzururaji.

Mgambo wa kata hupita Kwa Msabaha saa mbili asubuhi. Humkuta Bi Mwanamvua barazani, mguu juu ya mguu, anakunywa chai ya mchaichai. Nyuma yake miasumini imesimama mitupu. Maua ya jana yamelala chini, rangi ya kahawia, na vitumba vya leo ni vidogo na vya kijani, haviwezi kumshtua hata nyuki. Mgambo akiangalia hapo anaona nini? Anamwona mama mtu mzima hana hili wala lile, anakunywa chai mbele ya kichaka.

"Mara ya kwanza aliniuliza, mama, kazi yako iko wapi?" anasimulia. "Nikamwambia, baba, kazi yangu bado haijaamka. Akadhani namfanyia mzaha."

Tuseme kweli, maana makala haya hayakuandikwa kuficha kitu. Mwaka jana mvua ilitutupa. Watu wa mwambao huu walipanga foleni wakingojea unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na wengine walirudi nyumbani na mfuko mtupu. Amri kwamba kila kaya ilime chakula ilitolewa mwaka huu wa 1975 kwa sababu ambayo tumbo la kila mtu linaijua. Hakuna anayeibisha, na Bi Mwanamvua ndiye wa mwisho kabisa kuibisha.

Amelima. Mihogo yake iko ng'ambo ya kijito, kwenye kipande alichoachiwa na shangazi yake. Mwandishi ameongozwa mpaka huko, ameikanyaga mitaro, ameiona mihogo imefika kifuani. Basi kinachotakiwa zaidi ni nini?

Kinachotakiwa ni mihogo ya barabarani! Kiwanja cha miasumini kinapakana na barabara, na wageni wa wilaya wakipita na gari hukiona. Mihogo ya ng'ambo ya kijito haionekani kutoka kwenye gari. Ndiyo sababu, na hakuna nyingine. Bi Mwanamvua ang'oe miti aliyoachiwa na mama yake ili mtu aliyekaa kiti cha mbele cha gari afurahi kwa muda wa kukata kona.

Katibu wa kata alimpokea mwandishi vizuri, akaagiza soda. Ni mtu wa makamo, nadhifu, anayezungumza kwa utaratibu.

"Ndugu yangu, maua hayaliwi," alisema. "Mimi mwenyewe nimepita pale asubuhi, si mara moja. Sijamkuta anafanya kazi. Ningemkuta anafanya, ningekuwa wa kwanza kumsifu."

Aliulizwa kama amewahi kupita jioni.

"Jioni ofisi imefungwa," alijibu, akanywa soda yake.

Mwandishi aliandika jibu hilo kisha akaliangalia tena, asije akawa amelisikia vibaya. Hakulisikia vibaya. Mtu amepewa dhamana ya kujua nani anafanya kazi na nani hafanyi, na macho yake yanafanya kazi mpaka ofisi ifungwe. Wavuvi wa dagaa wangekuwa wazururaji wote. Na waoka mikate. Na muuguzi wa zamu ya usiku aliyemzalisha mke wa katibu.

Bi Mwanamvua hakukaa kimya. Aliomba asikilizwe na kamati ya kata, na kamati ikakubali: aje Jumatano ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, aje na hiyo kazi yake waione.

Saa tatu asubuhi! Ni kama kumwambia mtu wa daku aje apike adhuhuri. Achume asubuhi, atapeleka vitumba vya kijani visivyo na harufu wala sura. Apeleke ya jana, yatakuwa kahawia na kunyauka. Alizunguka na jambo hilo kichwani mpaka akakumbuka barafu.

Binamu yake, Haji, hununua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam. Ana sanduku kubwa la mbao lenye barafu ndani. Changu akiingia humo leo, kesho jicho bado linang'aa.

"Nikajiambia, changu anakaa, asumini itashindwaje?" anasema. "Nikachuma Jumanne jioni, vitumba vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchuma. Nikavifunga kwenye mgomba, nikamkabidhi Haji. Nikalala nimestarehe. Nilijua kesho nitafika mbele yao, nitafungua jani, vitachanuka machoni pao, chumba kizima kinukie. Nisingehitaji kusema neno."

Yeyote aliyelelewa karibu na samaki angefikiri vivyo hivyo. Huku kwetu kitu kizuri kikitakiwa kikae, kinawekwa kwenye barafu.

Jumatano alisimama mbele ya kamati, akafungua jani. Vitumba vilikuwa vimefumba vile vile kama alivyovichuma. Alisubiri. Kamati ikasubiri pia, kwa adabu, kwa dakika chache. Havikufunguka. Vilianza kuingia madoa ya kahawia huku watu wakitazama, na havikutoa harufu yoyote ya asumini.

Katibu alichukua kimoja, akanusa, akampa wa pili. Wa pili akanusa, akampa wa tatu.

"Mama," akasema huyo wa tatu, "hii kazi yako inanuka changu."

Walicheka. Mmoja akauliza kama ni asumini au ni maharage yaliyomenywa. Bi Mwanamvua alilifunga jani lake, akasema, "Haya, asanteni," akatoka. Amri ya Jumatatu ikapitishwa kabla hajafika barabarani.

"Sikuumia kwa amri," anasema sasa, na kwa mara ya kwanza mikono yake inasimama. "Niliumia kwamba nilivichuma vizuri. Unaelewa? Vilikuwa vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyevinyamazisha."

Katika chumba hicho alikuwamo mtu mmoja ambaye hakucheka. Mbaruku ni bwana shamba wa kata, kijana aliyesomea kilimo chuoni, na mwandishi alimkuta baadaye kwenye kitalu cha minazi. Yeye alijua kilichotokea tangu jani lilipofunguliwa.

"Samaki amekufa," alieleza. "Barafu inamzuia asioze, basi. Lakini kitumba cha asumini hakijafa ukikichuma. Kiko hai, na kazi yake kubwa bado hakijaifanya."

Alichuchumaa, akaeleza pole pole, naye mwandishi akajifunza mambo ambayo amekuwa akipita karibu nayo maisha yake yote. Mchana kutwa majani ya mwasumini hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Sukari hiyo husafiri mpaka kwenye kitumba, nacho huiweka akiba. Harufu haimo ndani ya kitumba ikingojea kutolewa kama marashi ndani ya chupa. Bado haipo. Mwanga ukianza kupungua ndipo kitumba huanza kuvunja ile akiba na kuitengeneza upya iwe mafuta mepesi sana, yanayoruka hewani mara tu yanapozaliwa. Wakati huo huo petali hunywa maji, huvimba, husukumana mpaka hufunguka.

"Ni kazi nzito," Mbaruku alisema. "Kitumba kinahema kama mtu anayekimbia. Ndiyo maana mama yule hajazi kikapu. Vikijaa vinachemka kwa pumzi zao wenyewe. Na ndani yake kuna vitu fulani, tuviite chachu, ndivyo vinavyoigeuza sukari kuwa harufu. Chachu hizo zinataka joto letu hili la pwani. Ukizitia kwenye barafu zinasimama, na kwa asumini zikisimama sana haziamki tena. Angevilaza juu ya meza tu, ndani ya jani bichi, vingechanua usiku ule ule. Shida ni kwamba asubuhi vingekuwa vimekwisha."

"Kwa hiyo saa tatu asubuhi hakuna njia yoyote?"

"Hakuna. Ua lile linawaita nondo, na nondo hutoka usiku. Kwa nini lipoteze sukari yake asubuhi?"

Mwandishi alimwuliza kwa nini hakuyasema hayo mbele ya kamati, watu wakicheka. Mbaruku aliangalia miche yake.

"Katibu ni mkubwa wangu," alisema. "Na mimi nina miezi michache tu hapa."

Tunamshukuru kwa maelezo. Lakini elimu yake ililipiwa na watu hawa hawa wanaopanga foleni ya unga, na Jumatano ilikuwa siku ya kuwarudishia kidogo. Alikaa nayo mfukoni.

Bi Mwanamvua alipoelezwa habari ya chachu na barafu alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Yeye aliambiwa na mama yake kwamba asumini husikia adhana ya magharibi, ndipo hufunguka kwa kuitikia. Mbaruku anasema ni mwanga.

"Mwanga, adhana, saa ni ile ile," anasema. "Lakini hilo la barafu nashukuru kulijua. Kumbe nilimpeleka shahidi wangu mwenyewe barazani nimemziba pumzi."

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya kusikitisha, na mwandishi angerudi Dar es Salaam amenuna. Haikuishia hapo.

Alhamisi, siku moja tu baada ya kamati, msichana alipiga hodi Kwa Msabaha. Alikuwa ametumwa na mke wa katibu. Binti wa katibu anaolewa Ijumaa ya wiki hii. Wanataka vikuba vya bibi arusi na vya dada zake, na wanataka kitanda kitandazwe asumini. Wamesikia hakuna anayetandaza kama Bi Mwanamvua.

Tusome tena, taratibu. Nyumba iliyoamuru miasumini ing'olewe Jumatatu ijayo imeagiza asumini za Ijumaa, siku tatu kabla.

"Nilicheka mpaka nikashika nguzo," anasema. "Msichana wa watu akadhani nimepagawa. Halafu akaondoka, nikaketi, nikalia."

Jirani yake, Bimdogo, aliyekuwa akimenya muhogo pale uani wakati wa mazungumzo haya, hana subira na mambo ya namna hiyo.

"Mimi ningewapelekea ya jana, yaliyooza, ndani ya jani zuri," alisema. "Wafungue mbele ya wakwe."

"Bibi arusi hana kosa," akajibu Bi Mwanamvua. "Mtoto yule siku alipokhitimu Kurani nilimtungia kikuba mimi. Alikuwa na pengo la meno mawili hapa mbele."

"Baba yake ana meno yote."

"Ndiyo maana nimemtumia salamu baba yake."

Salamu zenyewe ni hizi. Bi Mwanamvua atafanya kazi yote ya arusi, wala hataki malipo. Ana sharti moja. Ijumaa jioni, jua likianza kulegea, katibu aje mwenyewe kwa miguu yake, achume vitumba vya binti yake pamoja naye. Asitume mgambo, asitume mke. Aje yeye.

Jumapili mke wa katibu alikuja mwenyewe, amejifunika buibui, akiwa amefedheheka. Mwandishi alikuwa barazani na alisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, nimekuja kukuangukia. Mume wangu Ijumaa jioni atakuwa na wageni wa wilaya. Hawezi kuwaacha."

"Aje nao."

"Mama!"

"Aje nao, mwanangu. Si ndio wanaotaka kukiona kiwanja? Wakione kikiwa kinafanya kazi."

Mke wa katibu alilivuta pindo la buibui lake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanawe atakwenda kwa mumewe bila asumini. Bi Mwanamvua alimshika mkono. Alimwambia kwamba mrehani na mkadi atapata, vizuri, vimefungwa kwa upendo, kwa kuwa mtoto hadaiwi kosa la mzee wake. Asumini itategemea baba.

Mpaka makala haya yanapelekwa mtamboni, katibu hajajibu. Huenda anatafakari. Huenda anangoja ofisi ifunguliwe.

Hatuombi mengi. Hatuombi ofisi ya kata ijifunze habari ya chachu na sukari na nondo. Tunaomba mtu mmoja mwenye madaraka atoke nje baada ya saa za kazi zake, akaangalie kazi za wengine. Ikiwa hilo ni kubwa mno, basi tuache kujidanganya kwamba tunawakagua wananchi. Tunajikagua wenyewe, kama tumeamka.

Ungo sasa umejaa. Bi Mwanamvua anaufunika kwa jani bichi na kuubeba ndani, kwa kuwa kuna maulidi mjini jioni hii na njia ni ndefu. Bado ana mpango, hata kama katibu atashinda. Amekwisha kukata matawi na kuyachomeka mchangani nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Mwasumini huota kwa tawi, lakini mpaka utoe vitumba vya kutosha bibi arusi itapita miaka, na yeye hasemi kwamba miaka hiyo anayo.

Akaulizwa: na katibu akikubali? Akija kweli Ijumaa, na wageni wake?

Hakufikiri kwa muda mrefu.

"Nitamkaribisha. Nitamwonyesha kipi cha kuchuma na kipi cha kuacha, achume mpaka vimtoshe mwanawe, vidole vimlowe utomvu," alisema. "Halafu nitamletea jembe. Akitaka kuing'oa, aing'oe palepale, kwa mkono huo huo, na harufu ndiyo kwanza inaanza kumpanda."